Pua Mpya, Mwaka Mzima: Yanayofuata Baada ya Upasuaji wa Urembo

Siku hizi si ajabu kukaa kantini ukasikia mazungumzo yametoka kwenye UE na boom, yakaingia kwenye pua. Huyu anasema pua yake imekaa chini mno, yule anaonyesha kwenye simu picha za msanii kabla na baada. Mwingine anajua kliniki ya Dar, mwingine kasikia Nairobi, mwingine anataja Istanbul kama vile ni Kasulu. Bei wanaijua. Aina ya pua wanayoitaka wanaijua. Ila ukiuliza, "Haya, na wiki ya pili itakuwaje?" watu wanatazamana.

Makala hii inahusu hiyo wiki ya pili, na mwezi wa tatu, na mwaka mzima unaofuata. Sijaja kumkataza mtu wala kumhubiria kuridhika na sura yake. Mtu mzima ana haki ya kuamua juu ya mwili wake. Ninachosema ni kimoja tu: upasuaji wa pua ni saa chache mikononi mwa daktari, halafu ni mwaka mmoja mikononi mwako mwenyewe. Na kwa sisi wa Mwanga, Ujiji, Gungu, Kibirizi na ukanda mzima wa ziwa, kuna jambo la ziada. Ukishapanda treni au basi kurudi nyumbani, aliyekupasua anabaki zaidi ya kilomita 1,200 nyuma yako. Likitokea la kutokea saa nane usiku, utakuwa wewe, ndugu zako na unachokijua. Basi tukijue.

Pua ni njia ya hewa kwanza

Watu huzungumzia pua kama pambo lililobandikwa usoni. Kumbe ni mashine. Inapasha hewa joto, inaipa unyevu, inachuja vumbi kabla hewa haijafika mapafuni. Sehemu ya juu ya pua ni mfupa. Sehemu ya chini, ile unayoweza kuichezesha kwa kidole, ni gegedu. Katikati kuna ukuta unaotenganisha tundu mbili, nao kwa mbele ni gegedu pia.

Anayefanyiwa upasuaji wa urembo huguswa huko kote. Daktari anaweza kukata na kusogeza mfupa, kupunguza gegedu, kubana mabawa ya pua, au kuinua mgongo wa pua. Kwa pua zetu nyingi za Kiafrika kazi huwa zaidi ya kuongeza kuliko kupunguza. Kinachoongezwa hutoka kwenye gegedu la ukuta wa pua, la sikio au la ubavu, na wengine hutumia silikoni. Kuna njia mbili za kuingia: ya ndani kabisa, isiyoacha alama nje, na ya wazi, ambapo daktari hukata kidogo ile ngozi nyembamba iliyo kati ya tundu mbili. Mara nyingi mgonjwa hupewa dawa ya usingizi, ile tunayoiita nusu kaputi, na kazi huchukua saa moja na nusu hadi tatu, wakati mwingine zaidi.

Upasuaji huu haukuanza kwa urembo. India ya kale, katika mafundisho yanayohusishwa na tabibu Sushruta, waliokatwa pua kwa adhabu au vitani walitengenezewa nyingine kwa ngozi ya usoni mwao. Mwaka 1898 Jacques Joseph, daktari wa Berlin, alimpunguzia pua mtu aliyekuwa anaona haya kutoka nje kwa sababu ya ukubwa wake. Kwetu Tanzania, mwaka 2023 Hospitali ya Taifa Muhimbili, upande wa Mloganzila, ilianzisha huduma ya upasuaji rekebishi na wa urembo. Hapo mjadala ukatoka kwenye kliniki za watu binafsi ukaingia kwenye hospitali ya umma. Kwa hiyo suala hili si la mastaa tena, ni la watu wa kawaida, na wanafunzi wamo.

Wiki ya kwanza: usijitazame sana

Unaamka ukiwa na banzi juu ya pua, yaani kile kipande kigumu kinachoishika isisogee. Ndani huenda umewekewa vizibo laini vya pamba au silikoni. Unapumulia mdomo, koo limekauka, uso umejaa. Wengi husema maumivu yenyewe yanavumilika kwa dawa, kinachosumbua ni pua kuziba na kukosa usingizi.

Siku ya pili na ya tatu ndizo mbaya kwa sura. Macho huvimba, na chini yake ngozi huvilia damu ikawa ya zambarau au nyeusi. Kwa ngozi nyeusi rangi hiyo huonekana kama kivuli kizito kuzunguka macho. Usiogope. Damu iliyovilia huanza kupungua baada ya wiki moja na kwa kawaida huisha ndani ya wiki mbili. Majimaji yenye damu kidogo kutoka puani kwa siku mbili tatu nayo ni ya kawaida.

Kazi yako wiki hii ni hizi. Lala chali, kichwa kimeinuliwa kwa mito miwili au zaidi. Katika siku mbili za kwanza weka kitu cha baridi, kikiwa kimefungwa kwenye kitambaa, juu ya mashavu na karibu na macho, dakika 15 hadi 20 kwa zamu. Usikiweke juu ya pua yenyewe. Usipenge kamasi. Ukitaka kupiga chafya, fungua mdomo itokee huko. Banzi lisilowe. Kula vitu laini, achana na miwa na mahindi ya kuchoma kwanza. Punguza chumvi, maana chumvi hushikilia maji mwilini na uvimbe hukawia. Dagaa wakavu wenye chumvi wanaweza kukusubiri, hawaendi popote.

Kuhusu dawa za maumivu, kunywa ulizoandikiwa tu. Aspirini, ibuprofeni na diklofenaki hufanya damu iwe nzito kuganda, ndiyo maana madaktari wengi huzisimamisha wiki moja hadi mbili kabla ya upasuaji na hawataki uzirudie bila ruhusa. Hapo ndipo duka la dawa la mtaani linapoweza kukuponza: unasema tu "naumwa kichwa", unapewa diklofenaki, jioni damu inatoka.

Banzi huondolewa kati ya siku ya tano na ya nane, pamoja na nyuzi za nje kama zipo. Utakachokiona kwenye kioo siku hiyo si pua yako mpya. Ni uvimbe wenye umbo la pua.

Wiki ya pili hadi ya sita: hatari ya kujiona umepona

Hiki ndicho kipindi watu wanachoharibu kazi. Maumivu yameisha, macho yamerudi, marafiki wanakuita. Lakini mifupa bado haijashikana vizuri, na mishipa midogo ya damu ndani ya pua bado ni laini. Kutokwa damu hutokea zaidi saa 48 za mwanzo, kisha kunaweza kurudi tena kati ya siku ya tano na ya kumi, wakati magamba ya ndani yanapobanduka. Anayepanga kupanda basi la Kigoma siku ya nne baada ya upasuaji anajiweka porini katikati ya kipindi hicho. Kaa karibu na daktari wako angalau mpaka banzi litoke na akuruhusu kusafiri. Ndege pia iulizie, usijiamulie.

Kwa wiki tatu hadi nne usinyanyue vitu vizito. Hapa siongelei vyuma vya gym pekee. Ndoo ya lita 20 kichwani ni mzigo mzito. Gunia la mkaa ni mzigo mzito. Kufua huku umeinama saa nzima kunapandisha presha ya damu kichwani vilevile. Kukimbia kusubiri. Mpira wa miguu, ngumi na michezo yote ya kugongana isubiri zaidi, mara nyingi miezi miwili hadi mitatu. Miwani isikae juu ya mgongo wa pua kwa wiki nne hadi sita, kwa sababu uzito ule mdogo unaweza kuacha bonde. Kama huoni bila miwani na una mitihani, hilo ni la kujadili na daktari kabla ya kulipa, si siku unapoingia chumba cha mtihani.

Nguo za kuvaa kwa kupitisha kichwani ziache, vaa za vifungo. Jua la mchana liepuke au vaa kofia pana. Sigara, shisha na vepu acha kabla na baada: nikotini hubana mishipa ya damu, na kidonda kisichopata damu ya kutosha hakiponi.

Mwezi wa tatu hadi mwaka: subira

Uvimbe mwingi unaoonekana na watu huisha ndani ya wiki tatu nne. Uliobaki hushuka polepole sana, na ncha ya pua ndiyo ya mwisho. Matokeo kamili huhesabiwa baada ya mwaka mmoja, na kwa mwenye ngozi nene, kama wengi wetu, inaweza kuzidi hapo. Asubuhi pua huwa nene kuliko jioni. Ncha inaweza kuwa ngumu kama kifutio, au kufa ganzi kwa miezi kadhaa, kisha hisia hurudi taratibu.

Jambo ambalo halisemwi sana ni hali ya moyo. Wiki za mwanzo watu wengi hupata majuto na huzuni: umelipa pesa, umeumia, na kioo kinakuonyesha uso usioufahamu. Kwa wengi hali hiyo hupita kadiri uvimbe unavyoshuka. Ikikaa, ikakunyima usingizi na darasa, zungumza na mshauri wa wanafunzi au daktari. Usikimbilie upasuaji wa pili. Madaktari makini hawagusi tena pua kabla ya mwaka kupita, isipokuwa kuna dharura, kwa sababu huwezi kurekebisha kitu ambacho hakijamaliza kujiunda.

Madhara yanayoweza kubaki

Hata kwa daktari mzuri, matatizo hutokea. Takwimu zinazotajwa sana katika maandishi ya kitabibu ni kwamba kati ya wagonjwa 5 na 15 kwa kila 100 hurudi kufanyiwa marekebisho. Sababu ya kawaida ni pua kutolingana pande mbili, au umbo lisiloridhisha.

La pili ni pumzi. Ukipunguza sana gegedu ili pua iwe nyembamba, unapunguza nguzo zinazoshikilia njia ya hewa. Mtu anapata pua ya picha, halafu usiku anakoroma na akikimbia anahema kwa mdomo. Anayeishi kwenye vumbi la kiangazi, ambaye pua yake tayari inaziba kwa aleji, anapaswa kulitaja hili mapema kabisa.

La tatu ni maambukizi. Si mengi, ila pale ilipowekwa silikoni huwa magumu zaidi, kwa sababu vijidudu hujificha juu ya kile kitu kigeni na mara nyingine hakuna namna ila kukitoa. Silikoni inaweza pia kusogea, au kusukuma ngozi ya ncha mpaka ikatokeza, hata miaka baadaye.

La nne ni tundu kwenye ukuta wa katikati. Hutokea pale ngozi laini ya pande zote mbili za ukuta inapojeruhiwa mahali pamoja. Dalili zake ni magamba, damu ya mara kwa mara, na wengine hutoa mlio wa mluzi wanapovuta hewa.

La tano linatuhusu sisi kipekee: makovu. Keloidi, yaani kovu linalokua na kuvimba kupita mipaka ya kidonda, hutokea zaidi kwa watu wenye ngozi nyeusi. Puani si kawaida sana, lakini anayebanwa mabawa ya pua hukatwa kwenye ngozi ya nje, na hapo kovu linaweza kuonekana au ngozi ikabaki na doa jeusi. Kama ulitoboa sikio ukatoka uvimbe, au una keloidi kifuani au begani, au mama yako na shangazi zako wanazo, mwambie daktari kabla hajashika kisu.

Na yapo ya dawa ya usingizi yenyewe. Hapa wenye selimundu wasikilize. Upungufu wa oksijeni, baridi na kukosa maji wakati wa upasuaji vinaweza kuamsha shambulio la maumivu. Kama hujawahi kupima hali yako, pima. Taja pia pumu, shinikizo la damu, dawa unazotumia na mitishamba unayokunywa. Usione aibu kutaja mitishamba, baadhi yake huathiri kuganda kwa damu.

Dalili za kutosubiri asubuhi

Kata ukurasa huu ukitaka, umpe anayekuuguza.

Damu inayochuruzika na haikomi baada ya dakika 15 hadi 20. Kaa wima, inamisha kichwa mbele kidogo, tema damu badala ya kuimeza, weka kitambaa safi chini ya tundu. Usibane mfupa wa pua uliopasuliwa, wala usilaze kichwa nyuma. Kisha nenda hospitali.

Tundu zote mbili kuziba ghafla na maumivu kuongezeka badala ya kupungua. Huenda damu imejikusanya ndani ya ukuta wa katikati. Gegedu halina mishipa yake ya damu, hulishwa na ngozi iliyoligusa. Damu ikijaa katikati yao, gegedu linakosa chakula na kufa, na pua inabonyea kama tandiko. Hii ni ya kutolewa siku hiyohiyo, si kesho kutwa.

Homa, usaha, harufu mbaya, au wekundu na joto vinavyoongezeka.

Maji meupe mepesi kama ya kunywa, yanayodondoka tundu moja hasa ukiinama, pamoja na kichwa kuuma. Yanaweza kuwa maji yanayozunguka ubongo.

Kuona ukungu, kuona vitu viwili, au jicho kuuma sana.

Mguu mmoja kuvimba na kuuma, au kifua kubana na kukosa pumzi, hasa baada ya safari ndefu. Inaweza kuwa damu iliyoganda mguuni na kusafiri hadi kwenye mapafu.

Ukiwa Mwanga

Sasa tuyalete nyumbani. Kigoma ni kati ya mikoa yenye malaria nyingi, kwa hiyo homa yoyote kwetu jina lake la kwanza ni malaria. Mtu kapasuliwa pua, siku ya sita mwili unachemka, anatumiwa mtoto dukani kuleta dawa ya mseto. Anameza siku tatu huku usaha unajikusanya. Pima malaria, ndiyo, lakini sema pia kwamba umepasuliwa. Yote mawili yanaweza kuwepo kwa pamoja.

Na hapa ndipo siri inapoumiza. Wapo wanaokwenda Dar kwa kisingizio cha semina, wanarudi na hadithi ya kuanguka na bodaboda. Jirani mdanganye ukitaka. Daktari wa Maweni usimdanganye. Akijua ni ajali atatafuta mambo ya ajali, akijua ni upasuaji wa siku tisa zilizopita, wenye gegedu la ubavu ndani, atatafuta kingine kabisa. Rudi nyumbani na karatasi: umefanyiwa nini, lini, umewekewa nini, dawa gani, na namba ya simu ya aliyekufanyia. Mtu mmoja wa nyumbani ajue pia ukweli, awe dada, mjomba au mwenzako wa chumba. Unapotokwa damu usiku huwezi kuanza kusimulia historia.

Mafuta ya mawese ni fahari yetu jikoni, yabaki jikoni. Usipake kwenye kidonda, wala asali, wala majani yaliyotwangwa, hata kama bibi anakuapia kuwa yaliponya mguu wa babu. Mwambie kwa adabu, "Bibi, daktari kanikataza kupaka chochote mpaka kidonda kifunge." Atanung'unika, atakuelewa. Cha kutumia ni maji ya chumvi ya kupuliza uliyopewa hospitali.

Jiko la kuni na mkaa likae mbali nawe wiki za mwanzo, moshi unachoma ngozi ya ndani iliyojeruhiwa. Bodaboda kwenye barabara ya vumbi ifikirie mara mbili, na ukipanda, vaa barakoa isiyobana mgongo wa pua. Kuogelea Kibirizi au Katonga kusubiri wiki kadhaa hadi uruhusiwe. Maji ya ziwa si safi kama yanavyong'aa, na kupiga mbizi kunasukuma maji kwa nguvu ndani ya pua.

Kwa wanaosali sala tano, na Ujiji ni mji wao, kuna mawili ambayo daktari wa mbali huenda asiyafikirie. Sijida huweka pua chini na kuinamisha kichwa. Udhu una kupandisha maji puani. Muulize daktari ni kwa siku ngapi usifanye hayo, halafu mwone shehe akuelekeze. Ruhusa ya mgonjwa kusali amekaa au kwa ishara inajulikana, na ya kutayamamu pale maji yanapodhuru inajulikana pia. Vilevile nikabu au mtandio usikazwe juu ya mgongo wa pua.

Njia ya mkato ya sindano

Wengine wakisikia "mwaka mzima" wanasema, basi mimi nachoma sindano tu. Ni zile fila zinazojazwa puani dakika 15, unaondoka unatembea. Sikiliza vizuri: pua ni moja ya sehemu za hatari zaidi usoni kwa sindano hizo. Mishipa ya damu ya pua imeungana na ile inayolisha jicho. Dawa ikiingia ndani ya mshipa inaweza kuziba damu, na ngozi ya pua ikafa, au jicho likapofuka. Ngozi ikigeuka nyeupe au kuwa na madoa kama ramani, maumivu makali yakaja, au macho yakapungua nuru, hiyo ni dharura ya dakika, si ya siku. Fila za asidi ya hayaluroniki zina dawa ya kuziyeyusha, na anayechoma lazima awe nayo mezani. Silikoni ya maji haina. Anayekuchomea saluni au chumbani kwa rafiki hana lolote kati ya hayo.

Vile vibanio vya plastiki vya kubana pua usiku navyo havibadilishi gegedu la mtu mzima. Vinakuachia kidonda na pesa imekwenda.

Kabla ya kulipa

Anza na picha. Mwaka 2018 watafiti wa Marekani, akiwemo Boris Paskhover wa Rutgers, walionyesha kwa hesabu kwamba selfi inayopigwa kwa umbali wa kama sentimita 30 huifanya pua ionekane pana kwa takriban asilimia 30 kuliko ilivyo. Kamera iko karibu na pua kuliko masikio, basi pua inakuzwa. Kabla hujachukia uso wako, mwambie mwenzako arudi nyuma hatua mbili akupige picha. Huenda tatizo ni mkono wako mfupi.

Ukiona bado unataka, uliza. Daktari amesajiliwa na Baraza la Madaktari Tanganyika, au na baraza la nchi unakokwenda? Ni bingwa wa upasuaji rekebishi, au wa masikio, pua na koo? Amewafanyia wangapi wenye pua na ngozi kama yako, na unaweza kuona picha zao za baada ya mwaka, si za wiki mbili? Nani anatoa dawa ya usingizi? Kituo chenyewe kina kibali cha kufanya upasuaji? Oktoba 2024 jijini Nairobi mwanamke alifariki siku chache baada ya kufanyiwa upasuaji wa kupunguza mafuta katika kituo cha urembo, na mamlaka za Kenya zikakifunga. Haikuwa pua, lakini maswali haya ni yaleyale.

Halafu piga hesabu kamili. Bima za afya kwa kawaida hazilipi upasuaji wa urembo. Bei uliyotajiwa ni ya siku moja. Ongeza vipimo, dawa, malazi ya wiki mbili mjini, nauli ya kwenda na kurudi, safari ya kukaguliwa mwezi wa kwanza na wa tatu, na akiba ya marekebisho kama utakuwa kati ya wale 5 hadi 15. Boom halibebi hayo. Kama pesa inatosha upasuaji tu, basi haijatosha.

Pia chagua muda. Likizo ndefu ni afadhali kuliko wiki mbili kabla ya UE. Jiulize nani atakupikia siku tatu za mwanzo, nani atachota maji mwezi mzima, na ni hospitali gani utakimbilia ukiwa Mwanga saa nane usiku. Kama maswali hayo yana majibu yenye majina ya watu, uko tayari kuzungumza na daktari. Kama majibu ni "tutaona", pua yako ingoje. Haina haraka, na itaendelea kukuvutia pumzi wakati unajipanga.